Milango ya Ngoy Baharia

Émérance Ngoy alitua Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, siku ya Alhamisi, mwezi wa tano mwaka 2014, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kuwavuruga wote waliokwenda kumpokea. Kwanza alikataa kulala kwa mjane wa baba yake. Ikabidi Shafii, rafiki wa marehemu, amchukue nyumbani kwake Evere. Halafu, chai ikiwa bado ya moto vikombeni na watu wamejaa sebuleni, akatoa lile la pili.

"Nimekuja kutosha matanga, kumaliza kilio ya baba, ni sawa. Mupige picha, mukule, mucheze. Lakini mukono yangu haitagusa kitambaa ya ule mwanamuke."

Yule mwanamke alikuwa amekaa mbele yake. Maman Alphonsine, mweusi kuanzia kichwani mpaka viatuni, mwaka mzima na zaidi tangu azikwe mumewe Ngoy, baba yake Émérance. Alimaliza chai yake, akajigusa kilemba, akaaga, akaenda kungoja basi.

Hapo sebule ikazizima, kwa sababu kila mtu alijua maana yake. Kwa desturi yao, mjane hajivui nguo nyeusi mwenyewe. Damu ya marehemu ndiyo inayomfungua kilemba mbele ya watu, ikasema maneno machache kuhusu aliyekufa, na mjane akarudi kuwa mtu kama watu wengine. Huku Ulaya Ngoy hakuwa na damu hata tone. Ndiyo maana walihangaika na viza ya Émérance, mtoto wake wa kwanza, mpaka ikapatikana. Ukumbi ulikuwa umeshakodiwa Anderlecht kwa Jumamosi, vitenge vimeshonwa, na viza yenyewe ilikuwa fupi. Émérance asipofungua, hakuna mwingine wa kufungua. Alphonsine angebaki na weusi wake, labda mpaka naye azikwe nao.

Shafii alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, na kazi yake ilikuwa kuhamisha watu nyumba kwa gari lake. Shule aliiacha mapema na maneno ya kuzunguka hakuyajua. Wageni walipoondoka, alivuta kiti akakaa mbele ya Émérance.

"Dada, mimi nasema kama ninavyofikiri. Ulichofanya ni kibaya."

"Papa Shafii, na mi nasema vile ninafikiri. Ule mwanamuke alikula baba yangu hii miaka yote. Sasa mi njo nimufungue?"

"Hakumla. Alimpikia."

Kutoka jikoni, Amira, mke wa Shafii, akacheka kwa sauti. Émérance hakucheka.

"Na ye mwenyewe baba? Nilimuona mara ya mwisho ku gare ya treni ya Kalemie, niko na miaka tisa. Alifika Bombay, alifika Brésil, alifika wapi na wapi. Kalemie tu njo ilimushinda kufika. Maman yangu alikufa, hata bonjour hapana. Mbele ya batu nitasema nini juu ya mutu wa vile? Aliacha nini?"

"Aliacha milango," Shafii akasema.

"Nini?"

"Milango."

"Kumbe alikuwa menuisier, fundi ya mbao?"

Mambo ya Ngoy yalikuwa hayaelezeki ukiwa umekaa. Shafii akasimama na kuanza kutembea kutoka dirishani mpaka kwenye televisheni, mikono ikienda huku na huku, na Amira akaja akaegemea ukuta kusikiliza, ingawa hadithi hiyo aliijua yote.

Shafii alimjua Ngoy tangu yeye Shafii akiwa mtoto. Wakati huo Ngoy alikuwa kijana wa mashua za ziwa, Kalemie, Kigoma, Bujumbura, na mashua ikifika Bujumbura alikuwa akija kula kwa mama yake Shafii pale Buyenzi. Alikuwa anaingia na harufu ya dagaa na mafuta ya injini, anakaa mkekani, na mtaa mzima unajaa ukumbini kumsikiliza. Baadaye ziwa likawa dogo kwake. Akapanda treni, akafika Matadi, akaajiriwa kwenye meli kubwa, kazi ya kukwangua kutu na kupaka rangi. Meli ya chuma inaliwa na chumvi kila siku; upande mmoja ukikauka, mwingine umeshaanza kuoza. Kwa hiyo Ngoy alipaka rangi akiwa Antwerp, akapaka akiwa Santos, akapaka akiwa Gdansk vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alining'inia kwa kamba ubavuni mwa meli, maji chini, brashi mkononi, na bandari nzima mbele ya macho yake. Hivyo ndivyo alivyoiona dunia.

Siku aliposhuka melini kwa mara ya mwisho, hapo Antwerp, mgongo ulikuwa umemharibikia lakini mkono ulikuwa mzima. Akaja Brussels. Na mkono ule haukutaka kukaa bure. Akaanza kupaka zile bandari.

"Ku toile?" Émérance akauliza, bila kutaka.

"Hapana! Toile alizikataa. Alisema kitambaa kinakunjwa, kinauzwa, kinakwenda kukaa kwa mtu asiyemjua. Alitaka kitu kilichoshikamana na nyumba, kama rangi ya meli inavyoshikamana na meli. Ukipata mtoto, Ngoy anakuja. Ukioa, anakuja. Anang'oa mlango wako mmoja, wa choo, wa kabati, wowote, anaulaza juu ya viti viwili, na siku chache baadaye umeamka una bandari ndani ya nyumba. Na rangi ni ile ile ya meli, ya mafuta, inang'aa hivi! Brussels yote imejaa milango yake."

"Na wewe wako uko wapi?"

Shafii akamtazama mkewe.

"Kwangu hakuna," akasema. "Amira hataki picha za watu mahali tunaposwalia. Ngoy alijaribu miaka mingi."

"Aliniahidi mpaka Venise, ule mji wa majini," Amira akasema. "Nikamwambia weka maji tu, bila watu. Akasema bandari bila watu ni bafu."

Hapo Émérance akacheka kidogo, halafu akakumbuka hasira yake. Lakini Shafii alikuwa amekiona kile kicheko. Wazo la kuikusanya milango yote likawaka kichwani mwake. Kesho yake, tangu asubuhi, simu haikutoka sikioni.

"Allô, Mathieu? Mlango wako nauhitaji kesho... Ndiyo, mlango... Wa choo, ndiyo huo huo... Weka shuka... Basi mtu akiingia aimbe, ili wengine wajue!"

Walimwita mwendawazimu. Wengi wao walikuwa wapangaji wa nyumba za serikali, na milango ile haikuwa yao. Mkaguzi akija akakuta pengo, utamwambia nini? Lakini Shafii aliwajibu wote jambo moja: mtoto wa Ngoy yuko hapa, na hajui baba yake alikuwa nani. Kila aliyesikia hilo aliuliza ukumbi unafunguliwa saa ngapi. Maman Alphonsine peke yake ndiye hakuuliza kitu. Alisema tu, "Ya kwangu nitakuja nayo mie mwenyewe," akakata simu.

Jumamosi asubuhi Émérance alipanda gari la Shafii. Alisema anataka tu kuuona mji.

Kwa Mathieu, Berchem-Sainte-Agathe, mlango ulikuwa tayari umeng'olewa na kuegemezwa kwenye ukuta wa korido, uso wake ukutani. Mathieu, fundi wa lifti aliyezaliwa Likasi, alikuwa amevaa suruali mpya ya sherehe na fulana ya kulalia.

"Tonton Shafii, bibi yangu, mama ya watoto, anasema nikirudi bila hii mulango, nisirudi. Watoto banaimba tangu saa mbili. Minachoka na ile wimbo."

"Geuza, tuuone."

Mathieu akaugeuza, na korido ikabadilika. Santos! Jua la njano limemwagika juu ya kila kitu, kreni za bandari zimenyanyua shingo, magunia ya kahawa yamepangwa kama nyumba, na wapagazi wanakimbia wakiwa wamekunja migongo. Rangi ilikuwa nzito na laini, inang'aa kama vile imepakwa jana. Hata Shafii, aliyekuwa ameuona mara nyingi akiwa amekaa chooni kwa Mathieu, alisema "Ah!" kwa sauti.

Émérance alisogea karibu. Hakutazama jua wala magunia. Aliweka kidole pembeni, chini, pale ambapo mwanamke mmoja alikuwa akienda zake gatini, amewapa wote mgongo. Alikuwa na beseni la njano kichwani, limelala kidogo upande wa kushoto.

"Huyu nani?"

"Ule?" Mathieu akacheka. "Eko ku milango yote. Batu banasemaka ni mamba muntu."

"Mamba muntu?"

"Eh, yule mwanamke wa maji. Si njo alimupatia safari zote zile? Mutu anafika Brésil, anafika Inde, anarudia muzima, unafikiri ni bure? Kwa kanisa bengine banaogopa. Mie sijali. Tangu anikalie hapo, choo yangu haijakosa maji hata siku moja."

Aliendelea kucheka peke yake. Émérance alikuwa amechuchumaa, pua karibu na mbao, akimtazama yule mwanamke kama mtu anayesoma dawa kabla ya kuimeza. Halafu akasimama ghafla.

"Mulango ingine iko wapi?"

"Anderlecht, kwa Bibiane," Shafii akasema. "Lakini tungeweza kwanza kunywa..."

"Hapana. Tuende."

Garini Shafii alijaribu kumwonyesha hiki na kile, naye akawa anajibu, "Fanya mbio, papa Shafii." Walipokwama nyuma ya tramu alipiga goti lake kwa ngumi. Shafii akadhani ameharibu kila kitu. Akadhani yale maneno ya mamba muntu yamemuudhi, na nani asingeudhika, kuambiwa baba yako aliolewa na jini la maji?

Bibiane alikaa juu kwenye jengo refu la wapangaji, na harufu ya sombe yake, yaani kisamvu, iliwapokea mlango wa lifti ulipofunguka. Yeye ndiye aliyekuwa anapika chakula cha sherehe. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, na aliposikia wamefuata mlango alijifuta mikono kwenye aproni na kusimama katikati ya korido.

"Mulango gani? Mie siko nayo."

"Bibiane, usinichezee. Mimi ndiye niliyekusaidia kuurudisha kwenye bawaba. Bombay! Wa chumba cha watoto."

"Iko," Bibiane akakiri. "Lakini haiko."

Akawapeleka. Mlango ulikuwa pale, mahali pake, na ulikuwa mweupe. Mweupe kama yai, juu mpaka chini.

Shafii alishika kichwa.

"Bibiane! Umefanya nini?"

"Tonton, usinipandishie sauti kwangu! Kikundi ya maombi ilikuja hapa, mutoto alikuwa na homa, hapati usingizi. Banaona ule mwanamuke, banasema: maman, utaombaje na mamba muntu anaangalia kitanda ya mutoto? Alors nilinunua rangi, nikapaka. Na mutoto alipona."

"Kwa rangi?"

"Kwa maombi! Na dawa ya docteur."

Bombay ilikuwa kazi nzuri kuliko zote, wote walikubaliana hivyo, hata Ngoy mwenyewe. Shafii akaona basi walau auchukue hivyo hivyo, watu wajue ulikuwepo. Milango ya huku huna haja ya kufungua hata skrubu. Unaushika chini na katikati, unaunyanyua, unatoka kwenye bawaba. Akaunyanyua. Lakini alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapimi. Kona ya juu ikagonga fremu, ko! Kipande cheupe, kikubwa kama kiganja, kikachomoka na kuanguka sakafuni bila kuvunjika, kimejikunja kama ganda la kitunguu.

Chini yake kulikuwa na bluu.

Watu wote watatu wakainama kwa pamoja.

"Ngoja," Shafii akasema. "Ngoja, ngoja. Bibiane, kabla ya kupaka ulisugua na msasa?"

"Msasa ya nini? Nilipaka tu."

"Rangi gani?"

"Ile ya maji, ya ukuta. Haina harufu."

Shafii akapiga kelele, kelele ya furaha kabisa, mpaka jirani akagonga ukuta. Rangi ya maji juu ya rangi ya meli! Bila msasa! Ilikuwa imelala tu pale juu, kama shuka juu ya kitanda. Akaweka ukucha ukingoni, akavuta polepole, na ule weupe ukaja mkononi mwake ukanda mrefu, na nyuma yake ikatokea mbingu ya Bombay, na kunguru wake.

"Leta maji ya moto!" Bibiane akajiamuru mwenyewe, akakimbia. Akarudi na sufuria, taulo, na miko miwili ya bukari, ule ugali wa kwao, kwa sababu kisu kingekwangua mpaka picha. Wakaulaza mlango sakafuni koridoni. Wakaumwagia maji, wakaacha yanywe, wakaanza kusukuma kwa miko na kucha. Émérance alikuwa amevua viatu vyake vya sherehe na kupiga magoti kwenye maji. Kila ganda lilipotoka, mmoja alipaza sauti.

"Meli! Meli hii hapa!"

"Na hawa banafua nguo!"

"Tazama yule mbuzi, tazama sura yake!"

"Aksanti Yesu, minamukumbuka huyu mbuzi!" Bibiane alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mutoto alikuwa anamuitaka Robert!"

Sombe ikaanza kushika chini ya sufuria na hakuna aliyekwenda kuigeuza. Émérance peke yake hakuchagua mahali pengine. Alikuwa akifanya kazi kona ile moja, ya chini, akitumia kucha tu, taratibu, akipuliza maganda. Akatoa beseni la njano. Akatoa bega, akatoa kitenge, akatoa kisigino.

Bibiane alipomwona yule mwanamke ametokea, akarudi nyuma kidogo.

"Njo ule," akanong'ona. "Maman Émérance, mufunike ule, tuache bengine."

"Bibiane, mamba muntu eko na nini kwa chini?"

"Mukia. Ya samaki. Kila mutu anajua."

"Na huyu?"

Bibiane akainama.

"Eko na miguu," Émérance akasema. "Angalia ya kushoto. Iko inaangalia ndani. Alianguka na pirogue, mutumbwi nzito, juu yake, mi bado sijazaliwa. Na beseni anaibebaka vile, imelala, juu ya ule muguu. Asubuhi yote alikuwa anaenda nayo ku port ya Kalemie, kununua ndakala, dagaa ya ziwa. Nilikuwa namufuata nyuma. Hii mugongo, mi niliiona kila siku." Akajifuta pua kwa mkono wenye rangi. "Haiko mamba muntu. Ni maman yangu. Ni Mwanvua."

Halafu Bibiane akajishika mdomo kwa mikono miwili.

"Ee Mungu wangu! Nilimupakaka blanc mama ya batu!"

Na Émérance akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji, mgongo ukutani, nguo yake ya sherehe imelowa, na Bibiane akacheka naye, na Shafii naye, kila mmoja akijaribu kunyamaza na kushindwa.

Lakini walipoushusha mlango na kuufunga garini juu ya ule wa Santos, kicheko kilikuwa kimekwisha. Émérance alikaa wima, mikono mapajani.

"Alimupeleka Bombay," akasema. "Alimupeleka Brésil. Alikumbuka mpaka kisigino yake. Na barua hapana! Maman yangu anangojea pale Kalemie, ye anamutembeza ku milango ya batu!" Akageuka. "Na ule Alphonsine. Mulango yake pia iko na maman?"

"Milango yote," Shafii akasema.

"Alijua ni nani?"

Hapo Shafii alitamani kuwa mtu mwingine, mtu mwenye maneno laini. "Sijui," akasema. "Muulize."

"Nitamuuliza. Mbele ya batu bote."

Shafii aliendesha akijilaani. Alitaka mtoto amwone baba yake, na sasa amemwona. Na aliyemwona alikuwa mume wa mama yake. Kama moyo wa Ngoy ulibaki Kalemie miaka yote, basi Alphonsine alikuwa nani zaidi ya mwizi? Afadhali angemwonyesha mji.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya maghala, si mbali na metro, na kelele zake zilisikika tangu barabarani. Milango! Ilikuwa imeegemezwa ukuta mzima, na mingine bado inaingia. Radjabu wa Bwiza alikuwa ameleta mlango wa kabati kwa metro, laini ya tano, na alikuwa anamsimulia kila mtu jinsi abiria walivyompisha kama askofu. Kulikuwa na Lisbon, Dakar, Hamburg kwenye mvua, Colombo. Watu waliokaa Brussels miaka ishirini bila kuonana walikuwa wanashikana mikono mbele ya bandari na kubishana ipi ni ya nani. Shafii na Mathieu walipoingiza Bombay, bado inatiririka maji na imebaki na mabaka meupe, ukumbi wote ulipiga makofi.

Émérance hakungoja. Alikwenda kutoka mlango hadi mlango, akiinama kona ile ile, na kila mara alisema kwa sauti, "Huyu! Na huyu!" Watu wakaanza kumfuata. Habari ikapita ukumbini haraka kuliko yeye: si mamba muntu, ni mama yake, ni bibi wa kwanza wa Ngoy. Kina mama wa kanisa wakasukumana kutazama miguu.

Ndipo maman Alphonsine akaingia. Kaka zake wawili walikuwa wamebeba mlango nyuma yake. Wakauweka katikati ya ukumbi, na ulikuwa mlango wa chumbani, wa chumba chake na Ngoy, ambao hakuna mgeni aliyewahi kuuona. Ilikuwa Gdansk, theluji juu ya theluji, meli nyeusi, moshi umesimama wima kwa baridi. Na yule mwanamke, na beseni lake la njano, na ule mguu. Lakini huyu alikuwa amevaa koti. Koti refu jekundu, la Ulaya, lenye vifungo vikubwa na mkanda mgongoni.

Émérance akasimama mbele ya Alphonsine, akaunyoshea ule mlango kidole.

"Ulijua huyu ni nani?"

"Nilijua," Alphonsine akasema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mwaka tulioana. Nilimuuliza. Akasema: ni Mwanvua, mama ya watoto yangu. Nilikasirika, maman. Nililala ku salon, sebuleni, siku mingi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu walikuwa hawapumui, ikasikika. "Halafu asubuhi moja ninaamuka, ninaona anapaka hii. Amemuweka mu neige, theluji yote hii, na kitenge tu, miguu uchi. Nikamwambia: Ngoy, unataka kuua mutu na baridi? Muvalishe! Akasema, mi sijui makoti ya banamuke. Alors nikavaa ya kwangu, nikasimama pale dirishani, nikamupa mugongo. Nilisimama mpaka kiuno inauma. Koti ile ni yangu."

Émérance aliangalia koti. Aliangalia vifungo, aliangalia mkanda.

"Maman yangu hapendaki nyekundu," akasema mwishowe.

"Bon, angenivumilia," Alphonsine akasema. "Ilikuwa ile moja tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Na juu ya nini hakurudi?"

"Minamuuliza miaka na miaka. Nilimwambia aende, mie nitangojea. Alikuwa anaogopa, maman. Mutu wa kupita bahari zote zile! Aliogopa sura yenu kuliko maji. Sina jibu ingine, siwezi kukudanganya."

Émérance alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Shafii alikuwa amekunja ngumi mifukoni, na hakujua anamwomba nani.

"Leta kiti," Émérance akasema.

Mathieu akaleta kiti mbio, almanusura aanguke. Émérance akakiweka mbele ya Gdansk, akamkalisha Alphonsine, akaenda nyuma yake, akashika fundo la kilemba. Halikufunguka. Mwaka mzima wa kufunga mahali pale pale, kitambaa kilikuwa kimekuwa kama kamba ya meli. Akavuta, akajaribu kwa kucha, na kucha zilikuwa zimekwisha kwa Bombay.

"Unaniumiza sikio," Alphonsine akasema.

"Kaa kimya, maman."

Akainama, akashika fundo kwa meno. Akavuta kama mtu anayekula muwa. Fundo likaachia, kitambaa kikaanguka, na nywele za Alphonsine zikatokea, nyeupe tupu, zimelala upande mmoja. Vigelegele vikapasua ukumbi. Bibiane alikuwa anaruka na mwiko mkononi. Shafii alijikuta amemkumbatia Radjabu, na Radjabu alikuwa bado anaongea habari za metro.

Émérance aliinua mkono. Ikachukua muda wao kumtii.

"Baba yangu," akasema, na akakwama, kwa sababu hakuwa amejiandaa. Akaangalia ile milango, ukuta kwa ukuta. Akaenda kwenye ule wa kwanza karibu na dirisha. "Bon. Tuanzie hapa. Hii ni Lisbon, minaambiwa. Mwenye mulango hii eko wapi? Kuya hapa mbele, uniambie ile siku alikuja kwako."

Mwenye Lisbon akaja mbele, akaanza kueleza. Wakaenda kwenye Dakar, wakaenda Hamburg. Alphonsine alifuata kichwa wazi, akiongeza na kusahihisha. Muziki ulingoja. Sombe, iliyoungua kidogo, ikapoa mezani, na hakuna aliyeiulizia.